Kupima na Kuongeza Kasi ya Mbio Fupi: Mwongozo kwa Mkimbiaji na Mwalimu wa Michezo

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki, mkimbiaji wa mita 100 hupewa mazoezi yaleyale anayopewa mkimbiaji wa mita 5,000: huzunguka uwanja mara nyingi alfajiri, huhimizwa avumilie, na siku ya mashindano hutarajiwa awe na kasi. Desturi hiyo inaeleweka, kwa kuwa sifa ya ukanda huu katika riadha imejengwa na wakimbiaji wa masafa marefu, lakini humnyima mkimbiaji wa mbio fupi kile anachokihitaji kuliko vyote, yaani kukimbia kwa kasi yake yote wakati mwili haujachoka. Tarehe 18 Septemba 2021, katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, Ferdinand Omanyala wa Kenya, ambaye kabla ya riadha alikuwa mchezaji wa raga, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi mpya ya Afrika. Vipaji vya kasi tunavyo. Kinachopungua ni namna ya kuvipima kwa uaminifu na kuvilea kwa mazoezi yanayovifaa.

Mwongozo huu unamlenga mwalimu wa michezo, au kijana anayejifundisha mwenyewe, ambaye ana uwanja wa nyasi au wa udongo, utepe mrefu wa kupimia, chokaa kidogo, miti au koni chache, na simu yenye kamera. Sehemu kubwa ya mwanzo inahusu upimaji, kwa sababu mazoezi yanayofanywa bila vipimo vya kuaminika hayawezi kurekebishwa. Mwalimu hubaki akikisia nani anaendelea na nani amekwama.

1. Jua unachokipima

Kasi ya mkimbiaji haisemwi yote na muda mmoja wa mita 100. Usain Bolt alipoweka rekodi ya dunia ya sekunde 9.58 mjini Berlin tarehe 16 Agosti 2009, mita 10 za kwanza zilimchukua sekunde 1.89, ukijumlisha na muda wa kuitikia mlio wa bastola. Mita 10 zilizofuata zilimchukua sekunde 0.99, na kati ya mita ya 60 na ya 70 alitumia sekunde 0.81 tu. Hapo ndipo alipofikia kasi yake ya juu kabisa, takriban mita 12.3 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 44 kwa saa, ilhali wastani wake wa mbio nzima ulikuwa kama kilomita 37.6 kwa saa. Baada ya hapo hata yeye alianza kupungua, na mita 10 za mwisho zilimchukua sekunde 0.83.

Kwa hiyo mbio hizo zina sehemu tatu zinazohitaji uwezo tofauti: kuondoka na kuongeza kasi, kufikia kasi ya juu, na kuishikilia kasi hiyo isiporomoke. Mwanafunzi ambaye hajazoea mbio fupi hufikia kasi yake ya juu mapema, mara nyingi kati ya mita ya 30 na ya 50, kisha huporomoka kwa kiasi kikubwa kuliko mkimbiaji aliyekomaa. Unapopima, lengo lako ni kujua ni ipi kati ya sehemu hizo tatu inayomwangusha.

2. Andaa njia ya kukimbilia

Tafuta sehemu tambarare isiyo na mashimo wala mawe, yenye urefu usiopungua mita 70, na baada ya mstari wa kumalizia pawe na nafasi nyingine ya mita 30 ili mkimbiaji aweze kupunguza mwendo bila kujizuia ghafla. Usitegemee alama za uwanja wa mpira wa miguu. Kwa sheria, eneo la penalti linatakiwa liingie mita 16.5 uwanjani kutoka mstari wa goli, lakini urefu wa viwanja vyenyewe hutofautiana, na viwanja vingi vya shule huchorwa kwa kukadiria. Pima kwa utepe uliokazwa vizuri, usiolegea katikati, na chora mistari ya chokaa katika mita 0, 10, 30 na 50. Kama utepe wako ni mfupi, tumia kamba isiyovutika ambayo umeipima mara mbili na kuifunga mafundo.

Upepo nao huongopesha vipimo. Katika mashindano, rekodi haitambuliwi ikiwa upepo wa kumsukuma mkimbiaji umezidi mita 2.0 kwa sekunde, na upepo wa kiasi hicho humsaidia mkimbiaji kupunguza takriban sehemu ya kumi ya sekunde katika mita 100. Mahali kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako upepo wa baharini hushika nguvu alasiri, vipimo vya saa kumi jioni na vya saa moja asubuhi si vya kulinganishwa. Chagua saa moja ya siku na uishike, na ikiwa upepo haukwepeki, pima mara moja kila upande kisha chukua wastani. Vilevile, usilinganishe moja kwa moja muda wa mwanafunzi wa Nairobi na wa mwanafunzi wa pwani, kwa kuwa Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mkimbiaji wa mbio fupi hupata upinzani mdogo wa hewa.

3. Saa ya mkono na mipaka yake

Saa ya mkono inafaa kwa mita 100, mradi kila mpimaji afuate kanuni zilezile. Mpimaji husimama sambamba na mstari wa kumalizia, si mbele yake wala nyuma yake, na huanzisha saa anapoona moshi wa bastola, wala hangoji kuusikia mlio. Sababu yake ni kwamba sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo hutumia karibu sekunde 0.3 kufika mita 100. Pasipo na bastola, mwanzishaji apige filimbi huku akishusha kwa nguvu mkono au bendera aliyokuwa ameiinua, na mpimaji afuate mkono huo au bendera hiyo. Saa husimamishwa kiwiliwili cha mkimbiaji kinapofika kwenye mstari. Kichwa, shingo, mikono na miguu havihesabiwi.

Tumia wapimaji watatu kwa mkimbiaji mmoja kila inapowezekana. Ikiwa saa mbili zinakubaliana, chukua muda huo. Ikiwa zote tatu zinatofautiana, chukua ule wa katikati. Katika kanuni za riadha, muda wa saa ya mkono kwa mbio za uwanjani hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata, hivi kwamba 12.31 huandikwa 12.4. Anayetaka kuulinganisha na muda wa mitambo ya umeme huongeza sekunde 0.24 kwa mbio za mita 100 na 200, kwa kuwa mkono wa binadamu huchelewa kuanzisha saa kuliko unavyochelewa kuisimamisha. Kijana aliyepimwa 11.0 kwa mkono atarajie takriban 11.24 siku atakapokimbia kwenye uwanja wenye mitambo, na ni vizuri aambiwe mapema ili asije akadhani amerudi nyuma.

Kwa umbali mfupi saa ya mkono haitoshi kabisa. Tuseme mkimbiaji amepita mita 20 kwa sekunde 2.3 za kweli. Mpimaji akikosea kwa sekunde 0.2 tu, kosa ambalo ni la kawaida, hesabu itaonyesha kasi ya kilomita 34 kwa saa au kilomita 29 kwa saa badala ya 31. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko maendeleo ya msimu mzima. Saa za mkononi zinazotegemea satelaiti hazisaidii hapa pia, kwa sababu zimetengenezwa kwa mwendo mrefu na huchelewa kufuata mabadiliko ya kasi ya sekunde mbili au tatu.

4. Kupima kwa video ya simu

Simu nyingi za sasa hurekodi video ya mwendo wa polepole kwa fremu 120 au 240 kwa sekunde. Kwa fremu 240, kila picha inawakilisha kama sekunde 0.004, na kwa video ya kawaida ya fremu 30, kila picha inawakilisha sekunde 0.033. Hata video hiyo ya kawaida ina uhakika zaidi kuliko kidole kwenye saa. Kabla ya kuiamini simu yako, irekodi saa ya simu nyingine ikihesabu kwa sekunde 10, kisha hakikisha kwamba idadi ya fremu inalingana na muda unaoonekana kwenye picha.

Namna ya kuiweka simu ndiyo inayoharibu vipimo vya watu wengi. Iweke juu ya kitu kisichotikisika, mita 20 au zaidi kutoka kwenye njia, mkabala na katikati ya sehemu unayoipima, na iwe imetulia pasipo kumfuata mkimbiaji. Kosa linalojitokeza hapo ni la pembe ya kutazamia. Ukiweka miti miwili umbali wa mita 20 kati yao, lakini ukaisimika nusu mita ng'ambo ya njia, simu iliyo mita 20 itamwona mkimbiaji akipita mti wa kwanza akiwa amechelewa kidogo na mti wa pili akiwa amewahi, na umbali utakaokuwa umeupima kweli ni kama mita 19.5. Dawa yake ni rahisi. Weka alama ya chokaa katikati ya njia mahali hasa sehemu inapoanzia na inapoishia. Nyosha kamba kutoka kwenye simu hadi kila alama. Kisha simika kila mti juu ya mstari wa kamba hiyo, kando kidogo ya njia upande wa simu. Kwa kufanya hivyo, mkimbiaji anapoonekana kwenye picha akiugusa mti, yuko kwenye alama yenyewe.

Baada ya kurekodi, sogeza video fremu moja moja. Andika namba ya fremu ambayo kifua kinaufikia mti wa kwanza, na ya fremu ambayo kinaufikia mti wa pili, toa namba ndogo kwenye kubwa, kisha gawanya kwa idadi ya fremu kwa sekunde. Fremu 552 zikigawanywa kwa 240 ni sekunde 2.30, mita 20 zikigawanywa kwa 2.30 ni mita 8.7 kwa sekunde. Na ukizidisha kwa 3.6 unapata kilomita 31.3 kwa saa. Mtu mmoja awe ndiye anayesoma video za wakimbiaji wote, kwa sababu kila jicho lina namna yake ya kuamua kifua kimefika lini.

5. Majaribio matatu yanayotosha

Jaribio la kwanza ni la mita 30 kutoka kusimama. Mkimbiaji huweka mguu mmoja mbele kwenye mstari, hutulia bila kuyumba, na huondoka anapotaka mwenyewe. Muda huanza kuhesabiwa kwenye video pale mguu wa nyuma unapoachana na ardhi. Kwa njia hiyo wepesi wa kuitikia filimbi hauchanganyiki na uwezo wa kuongeza kasi.

Jaribio la pili ni la mita 20 za kupita. Mkimbiaji huanza mita 30 kabla, huongeza kasi hatua kwa hatua, na anapoingia kwenye sehemu inayopimwa, kati ya mstari wa mita 30 na wa mita 50, tayari yuko kwenye kasi yake yote. Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vingine, kwa kuwa kinaonyesha kasi ya juu peke yake, na kasi ya juu ndiyo inayoweka mpaka wa mengine yote.

Jaribio la tatu ni mita 100 zenyewe. Wakimbiaji wapewe nafasi mbili au tatu katika kila moja ya majaribio mawili ya kwanza, wapumzike dakika nne au tano kati ya nafasi moja na nyingine, na uandikwe muda ulio bora. Mita 100 zipimwe siku nyingine, mara moja tu.

Chukua mfano wa wasichana wawili wanaokimbia mita 100 kwa muda uleule wa sekunde 12.8. Wa kwanza ana 4.3 katika mita 30 na 2.30 katika mita 20 za kupita. Wa pili ana 4.6 na 2.20. Kwa anayetazama jedwali la mashindano wote wawili ni sawa, lakini wa kwanza anahitaji kuinua kasi ya juu, na wa pili anapoteza muda wake mwanzoni, mahali ambapo nguvu za miguu na ufundi wa kuondoka ndivyo vya kushughulikiwa. Akitokea wa tatu ambaye majaribio yote mawili mafupi ni mazuri kuliko ya wenzake na bado mita 100 zinamshinda, shida yake iko katika kuishikilia kasi.

6. Hesabu hatua zake

Kasi ni urefu wa hatua ukizidishwa kwa idadi ya hatua katika sekunde moja. Idadi ya hatua huhesabiwa kwenye video: hesabu fremu zinazopita tangu mguu unapogusa ardhi hadi hatua ya nane baadaye, zigeuze kuwa sekunde, kisha gawanya nane kwa sekunde hizo. Urefu wa hatua, kwa mwenye uwanja wa udongo, hupatikana kwa njia ya zamani isiyokosea. Fagia njia kwa ufagio wa chelewa mpaka alama zote zifutike, nyunyiza maji kidogo ili vumbi litulie, na baada ya mkimbiaji kupita pima kwa utepe kutoka ncha ya wayo mmoja hadi ncha ya wayo unaofuata. Hatua ya mita 1.90 ikirudiwa mara 4.57 kwa sekunde inatoa zile mita 8.7 kwa sekunde za mfano uliotangulia.

Nyayo hizo zinaeleza mengine pia. Alama iliyochimbika zaidi kisiginoni inaonyesha kwamba mguu unatua mbele mno ya mwili, na kila mguso wa namna hiyo ni breki. Alama nzuri ni ya sehemu ya mbele ya wayo, safi, isiyoburutwa. Usimwambie mwanafunzi arefushe hatua kwa makusudi. Atatupa mguu mbele na kujifunga breki mwenyewe. Hatua hurefuka kwa kuisukuma ardhi kwa nguvu zaidi katika muda mfupi ambao mguu unaigusa, muda ambao kwa wakimbiaji bora ni karibu sehemu ya kumi ya sekunde au pungufu.

7. Pasha mwili moto kwa utaratibu

Kwa dakika 20 hivi, anza kwa kukimbia polepole, fuatisha mazoezi ya kuzungusha nyonga, kubembea miguu mbele na pembeni, kutembea kwa hatua ndefu za kushusha goti, kisha kuruka-ruka kwa kuinua magoti. Malizia kwa mbio tatu au nne za mita 40 zinazoongezeka kasi, ya mwisho ikiwa karibu na kasi yote. Kunyoosha misuli kwa kukaa katika mkao mmoja kwa muda mrefu kuachwe hadi mwisho wa mazoezi, kwa kuwa kabla ya mbio huipunguzia misuli nguvu ya kufyatuka.

8. Mazoezi ya kuongeza kasi mwanzoni

Kukimbia mita 10, 20 na 30 kutoka kusimama, kutoka kupiga goti, au kutoka kulala kifudifudi, ndiyo mazoezi ya msingi. Mwili uiname mbele ukiwa umenyooka kutoka kifundo cha mguu hadi kichwani, bila kukunjika kiunoni. Macho yatazame chini mita chache mbele. Hatua za kwanza zisukume ardhi kuelekea nyuma, na mwili uinuke kidogo kidogo bila haraka. Wanafunzi wengi husimama wima kwenye hatua ya tatu kwa sababu wanataka kuona mstari wa kumalizia, na hapo ndipo mwanzo wao unapoishia.

Mteremko mdogo wa kupanda ni mwalimu mzuri wa mkao huu, kwa kuwa ardhi yenyewe humlazimisha mkimbiaji kuinama na kusukuma. Kuvuta tairi kwa kamba iliyofungwa kiunoni kunafaa pia, mradi uzito wake usimpunguzie kasi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Tairi la lori humfundisha kijana kukokota mzigo, na hilo ni jambo jingine kabisa. Kwa wenzetu wa pwani, mchanga wa ufukweni unajenga miguu na vifundo, lakini mguu hukaa muda mrefu ndani ya mchanga kabla ya kuchomoka, kwa hiyo usichukue nafasi ya mbio za ardhi ngumu.

9. Mazoezi ya kasi ya juu, na mapumziko yake

Zoezi kuu hapa ni lile lile linalotumika kupimia: anza kwa kuongeza kasi kwa mita 30, kisha kimbia mita 20 kwa kasi yote. Kadiri wiki zinavyosonga, sehemu ya kasi inaweza kurefushwa hadi mita 30. Mara nne zinamtosha anayeanza, na mara sita zinamtosha aliyezoea. Kiwiliwili kiwe wima, nyonga ziwe juu, magoti yainuke mbele, mguu urudi chini haraka na kutua karibu na chini ya nyonga, mikono ibembee kutoka begani, na uso ulegee. Taya zikikazwa, shingo hukazwa, mabega hupanda, na mikono hupoteza mwendo wake.

Mapumziko ndiyo sehemu ambayo walimu wetu huona vigumu kuikubali, nami ningependa waitilie maanani kuliko jambo lolote lingine katika mwongozo huu. Akiba ya nishati inayotumika katika mbio za sekunde tano au sita huisha upesi na huhitaji dakika kadhaa kurudi, na mishipa ya fahamu inayoamuru misuli huchoka hata pale ambapo mkimbiaji hahemi. Kanuni inayotumiwa na makocha wengi ni dakika moja ya kupumzika kwa kila mita 10 zilizokimbiwa kwa kasi yote: dakika tatu baada ya mita 30, dakika sita baada ya mita 60. Mwanafunzi akirudia mita 50 sita kwa mapumziko ya nusu dakika, atatoka jasho, atahema, na mwalimu ataridhika; lakini kuanzia mara ya tatu atakuwa akikimbia chini ya kasi yake, na mwili hujifunza kasi ile unayoirudia mara nyingi. Wakati wa kusubiri, atembee taratibu, anywe maji, atazame video yake.

Pima kila mara anapokimbia. Muda unapoongezeka kwa zaidi ya asilimia tatu kuliko ulio bora wa siku hiyo, kwa mfano kutoka 2.30 hadi 2.37 au zaidi, mazoezi ya kasi ya siku hiyo yamekwisha, hata kama kwenye karatasi zimebaki mbio mbili.

10. Nguvu na kuruka

Bila chumba cha vyuma, bado kuna mengi ya kufanya. Kuchuchumaa na kusimama, kwanza kwa uzito wa mwili na baadaye kwa mfuko wa mchanga mabegani. Kupanda jukwaa kwa mguu mmoja. Kuruka mbele kwa miguu miwili kutoka kusimama. Na kuruka kwa hatua ndefu za mguu kwa mguu kwa mita 20, yote hujenga nguvu inayohitajika. Kuruka kichura kwa kuzunguka uwanja, adhabu inayojulikana sana mashuleni, hakumo katika orodha hii: huchosha magoti na hakufundishi wepesi. Mirukio iwe michache, mitano au sita kwa seti, kila mmoja ukiwa wa nguvu zote.

Msuli wa nyuma ya paja ndio unaochanika mara nyingi zaidi kwa wakimbiaji wa kasi, na kuna zoezi moja ambalo limethibitika kuulinda. Mkimbiaji hupiga magoti juu ya mkeka au nyasi laini, mwenzake humshika vifundo vya miguu kwa nguvu, naye hujishusha mbele polepole akiwa amenyooka kutoka magotini hadi mabegani, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya mapaja mpaka ashindwe na kujipokea kwa mikono. Waanze kwa kurudia mara nne, mara moja kwa wiki, kwa kuwa siku ya kwanza humwacha mtu na maumivu ya misuli. Na ikitokea mkimbiaji akahisi kitu kimemvuta ghafla nyuma ya paja katikati ya mbio, asimame papo hapo. Kujikaza na kumaliza mbio kunaweza kugeuza jeraha la wiki mbili kuwa la msimu mzima, kwa hiyo mwalimu asimsifu anayefanya hivyo.

11. Kuipanga wiki

Siku tatu za kasi kwa wiki zinatosha, zikiachana kwa saa zisizopungua 48. Jumatatu iwe ya kuongeza kasi, kwa mbio za mita 10 hadi 30 zisizozidi jumla ya mita 250. Alhamisi iwe ya kasi ya juu. Jumamosi iwe ya kushikilia kasi, kwa mbio mbili au tatu za mita 80 hadi 120 zenye mapumziko ya dakika nane hadi kumi na mbili. Mazoezi ya nguvu yafanywe siku hizohizo baada ya mbio, wala si kesho yake, ili siku za mapumziko zibaki kuwa za mapumziko. Siku za katikati anaweza kukimbia polepole, kujinyoosha, na kufanya ufundi mwepesi.

Watoto wa shule ya msingi hawahitaji ratiba ya namna hii. Kukimbizana, rede, na mbio za kupokezana vijiti huwapa kasi nyingi kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko ya asili, na huwaacha wakiupenda mchezo. Uzito wa kubeba na mirukio mikali vingoje miili yao ikomae.

12. Pima tena

Rudia jaribio la mita 30 na la mita 20 za kupita kila baada ya wiki nne au sita, mahali palepale, saa ileile, kwa viatu vilevile, na baada ya siku mbili za kupumzika. Kiatu kina uzito wake katika jambo hili: anayepimwa pekupeku mwezi huu na kwa viatu vya miiba mwezi ujao amepima viatu. Andika kwenye daftari tarehe, hali ya upepo, hali ya ardhi, muda, idadi ya hatua kwa sekunde, na jinsi mkimbiaji alivyolala usiku uliotangulia.

Maendeleo ya mita 20 za kupita kutoka 2.30 hadi 2.25 yanaonekana madogo, lakini ni kasi ya kutoka mita 8.7 hadi 8.9 kwa sekunde, na katika mita 100 yanaweza kuondoa kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Tofauti ndogo kuliko fremu tatu au nne usiihesabu kuwa maendeleo wala kurudi nyuma. Ikiwa mita 30 zimeboreka na mita 20 za kupita zimesimama, hamishia siku moja ya kuongeza kasi kwenye kasi ya juu. Ikiwa ni kinyume chake, fanya kinyume. Na ikiwa vipimo vyote viwili vimesimama au vimeharibika mara mbili mfululizo, usiongeze mazoezi. Punguza idadi ya mbio hadi nusu kwa wiki nzima huku kasi ya kila mbio ikibaki ileile, hakikisha mkimbiaji analala na kula vya kutosha, kisha mpime upya siku ya nane.